Chozi Bustanini: Maua Kwanza, Chupa Baadaye

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na vijana mliofika, shikamooni na habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumzie namna ya kuwavuta ndege wanaonyonya maua waje kwenye bustani zetu za nyumbani, na namna ya kuwalisha. Tuanze na jambo linalowapotezea watu pesa. Maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu, pamoja na zile chupa nyekundu za kuagiza, yanahusu ndege wa Amerika, wale wadogo wanaoelea hewani mbele ya ua bila kutua. Ndege hao hawako Afrika hata mmoja. Huku kwetu tuna chozi, ambaye ni wa ukoo mwingine kabisa. Ukoo wake una spishi zaidi ya 140, kuanzia Afrika hadi Asia na kaskazini mwa Australia. Kazi yao ni moja, ya kunyonya maji matamu ya ua, yaani mbochi, ila undugu hawana.

Tofauti inayotuhusu leo ni kwamba chozi hutua. Anaweza kupepea mbele ya ua kwa sekunde chache, lakini kwa kawaida hushika tawi kwa miguu, akainamisha kichwa na kuingiza mdomo wake uliopinda. Kwa hiyo chupa isiyo na kijiti cha kukalia itaning'inia barazani miezi na miezi, na mwenye nyumba atalalamika kwamba ndege wa mtaani kwake hawapendi sukari. Wanaipenda sana. Wamekosa mahali pa kukanyaga.

Hapa Arusha, na kwa wenzetu wa Moshi, kuna wanne mtakaowaona mara nyingi. Yupo mdogo mwenye tumbo la njano, kichwa na mgongo vya buluu na kijani kinachong'aa; wataalamu humwita Cinnyris venustus. Yupo mkubwa mwenye mkia mrefu, anayeonekana mweusi mpaka jua limpige ndipo uone rangi ya shaba. Yupo mweusi mwenye kifua chekundu kabisa na paji la kijani. Na yupo mdogo mwenye mgongo wa kijani na mdomo mfupi, ambaye hula wadudu kuliko wenzake, kwa hiyo msishangae akiipuuza chupa. Pwani, Tanga na Dar es Salaam, mtamwona zaidi yule mwenye mshipi wa zambarau kifuani, akiranda kwenye maua ya minazi. Hayo yote ni madume. Majike wengi ni wa kijivu au kijani kilichofifia, na watu huwapita bila kuwatambua, ingawa wao ndio wanaojenga kiota na kuatamia.

Sasa maua, ambayo ndiyo tutakayoyasema kwa urefu.

Ukitaka mmea mmoja tu, panda mshubiri. Mtaani kila mshubiri huitwa alovera, ila ile alovera ya dawa ni aina moja tu kati ya nyingi. Nyanda hizi zetu kavu zina Aloe secundiflora na Aloe lateritia, zenye maua mekundu au ya rangi ya chungwa. Maua yake ni mirija mirefu kiasi cha mdomo wa chozi, na shina la ua ni gumu, kwa hiyo ndege anapata mahali pa kushika. Mishubiri mingi huchanua kiangazi, wakati bustani nyingine zimekauka. Usiing'oe porini. Aina zote za mshubiri isipokuwa ile alovera ya dawa zimo kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na juu ya hapo mmea mkubwa uliong'olewa porini huchukua muda mrefu kushika mizizi. Nunua mche kwenye kitalu, au omba chipukizi kwa jirani.

Mshubiri huuawa na huruma. Mtu anaumwagilia kila jioni pamoja na maua mengine, na baada ya miezi miwili shina linaoza kwa chini, ukiugusa unang'oka wenyewe. Upande kwenye tuta lililoinuka kama sentimita 15, udongo uchanganywe na mchanga na kokoto, na ukishashika uachie mvua. Wanaokaa ghorofani watumie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu sita chini: sehemu mbili za udongo, moja ya mchanga mnene, nusu ya mboji iliyoiva. Maji mara moja kwa wiki wakati wa jua kali, na wakati wa masika usimwagilie kabisa.

Wa pili ni Leonotisi, ule wenye maua ya rangi ya chungwa yaliyopangika kwa duara, ghorofa juu ya ghorofa, kwenye shina moja la pembe nne. Mmea huu huchanua vizuri baada ya mvua, kwa hiyo unapokezana na mshubiri. Panda kwa nafasi ya sentimita 60 hadi 90, kwenye jua. Ukimaliza kuchanua, ukate hadi sentimita 30 kutoka chini, maana usipokatwa huwa miti mikavu yenye maua machache juu kabisa. Samadi kidogo inatosha. Ukiupa mbolea nyingi ya kukuzia utapata majani mazuri ya kijani na maua ya kuhesabu.

Kuna jambo hapa linalohusu idadi, na mkilielewa hili mtakuwa mmeelewa tabia ya ndege mwenyewe. Mwaka 1975 watafiti Frank Gill na Larry Wolf walichapisha kazi waliyoifanya Kenya juu ya chozi mwenye mabawa ya dhahabu kwenye maua haya haya ya Leonotisi. Walipiga hesabu ya matumizi ya nguvu. Kukaa tu juu ya tawi kunamgharimu ndege karibu kalori 400 kwa saa, kutafuta chakula 1000, na kufukuza wenzake 3000. (Hizo ni kalori ndogo, si zile zinazoandikwa kwenye pakiti ya biskuti, ambazo kila moja ni sawa na 1000 za hizi.) Kufukuza ni ghali mara tatu kuliko kula. Ndege analinda maua pale tu ulinzi unapolipa: mbochi ukiwa mchache sana haumrudishii gharama, na ukiwa mwingi kila mahali hana sababu ya kugombana.

Tafsiri yake bustanini ni hii. Mmea mmoja huku, mmoja kule kando ya geti, hauwapi sababu ya kubaki, watapita tu. Panda fungu: mishubiri mitano au sita pamoja, Leonotisi nane pamoja. Halafu weka fungu la pili mahali ambapo fungu la kwanza halionekani, nyuma ya nyumba au upande wa pili wa ukuta. Dume mmoja akijitangazia umiliki mbele, wengine watakula nyuma.

Mwenye eneo kubwa apande mwamba-ngoma, yaani Erythrina abyssinica. Huchanua wakati wa ukavu, aghalabu ukiwa umepukutisha majani, na hapo chozi huja kwa makundi. Unaota kwa urahisi kutoka kwenye kigingi kibichi, ndiyo maana wengi wameutumia kwa wigo. Ila mbegu zake, zile nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto hupenda kuziokota, zina sumu. Kibobakasi pia ni mzuri, maua yake ni vikombe vyekundu vikubwa, lakini matawi yake huvunjika kirahisi, kwa hiyo usiuweke karibu na bati. Wigo wa Tecomaria, ule wa maua ya chungwa unaopogolewa kila mara, hufaa mradi usipogolewe kila mara! Maua hutokea kwenye ncha za matawi machanga, na mkasi wa kila wiki unayakata yote. Pogoa mara moja, ukishachanua.

Na wenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, kule Kilimanjaro msihangaike sana, kwani mgomba ni chakula tosha. Mkungu unapoachia maua, chozi huning'inia kwenye ua na kunyonya. Tatizo ni desturi ya kukata ua la chini mapema. Ukate kwenye migomba mingine, acha miwili mitatu.

Kuna mimea inayodanganya macho. Bogenvilia ina rangi kali, lakini ile rangi ni majani. Ua lenyewe ni kile kimirija cheupe cha katikati, na chozi hana faida nacho kubwa. Waridi la dukani halina kitu kwake. Hibiskasi hutembelewa, ila mara nyingi ndege hutoboa tundu dogo kwenye kitako cha ua na kuiba mbochi kwa nyuma. Msimfukuze, ua la hibiskasi huishi siku moja hata hivyo. Lantana isipandwe kabisa. Chozi huitembelea, lakini ndege wengine husambaza mbegu zake na mwaka wa tatu utaikuta shambani kwa jirani.

Tuje kwenye sukari. Chupa si lazima. Mwenye maua ya kutosha asijisumbue nayo, kwa sababu chombo cha sukari ni kazi ya kuosha vyombo inayorudi kila baada ya siku mbili, na chombo kichafu ni kibaya kuliko kutokuwa na chombo. Anayeitaka kwa ajili ya ile miezi ambayo hakuna ua, au kwa ajili ya mzazi asiyeweza kutoka barazani, afanye hivi.

Kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji. Kwa mizani, robo kilo kwa lita moja na robo. Chemsha maji, yaondoe motoni, ndipo utie sukari na kukoroga hadi iyeyuke. Ukichemsha vyote pamoja muda mrefu maji yanapungua na kipimo kinaharibika. Acha ipoe kabisa. Inayobaki weka kwenye friji, isizidi wiki moja. Maji yawe yale mnayokunywa wenyewe. Tunalisema hili kwa sababu ya wenzetu wa Maji ya Chai na Ngurdoto, ambako maji ya visima yana floridi nyingi, yaani yale madini yanayoharibu meno yakizidi, na kuchemsha hakuiondoi. Yanapopungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Tumieni maji ya mvua.

Asali hapana, hata kama ni ya kwenu wenyewe. Ikishachanganywa na maji huota ukungu na vijidudu haraka. Sukari guru na sukari ya kahawia hapana pia: zina madini ya chuma, na ndege wanaoishi kwa mbochi miili yao haiwezi kuyatoa vizuri yakizidi. Sukari bandia ya wagonjwa wa kisukari haina nguvu yoyote ndani yake, kwa hiyo ndege anakunywa akidhani anakula. Rangi ya chakula haina kazi, kwa kuwa mfuniko mwekundu unamtosha. Soda na juisi ya pakiti hatutazijadili.

Chombo kizuri hugharimu karibu na bure. Tafuta kopo la plastiki pana na fupi, upana kama sentimita 12 na kina sentimita 4 au 5, lenye mfuniko unaobana, mwekundu ukipatikana. Toboa matundu manne kwenye mfuniko, kila moja milimita 4. Ukiwa na drili ni rahisi. Ukitumia msumari wa moto, chukua wa inchi tatu, kwa maana plastiki huyeyuka na tundu hupanuka kuliko msumari. Sugua kingo kwa msasa hadi kidole kisikwaruzike. Kisha zungushia waya mnene au kijiti, sentimita 3 kutoka kwenye matundu na chini kidogo ya usawa wa mfuniko: hapo ndipo atakapokaa. Ning'iniza kwa nyaya tatu ili kopo likae sawa. Jaza maji ya sukari mpaka yabaki sentimita 1 kufika mfuniko.

Vipimo hivyo viwili, milimita 4 na sentimita 1, vimewekwa kwa sababu ya nyuki. Nyuki mfanyakazi hupita kwa taabu kwenye tundu la milimita 4, na ulimi wake haufiki sentimita 1 chini, ila mdomo na ulimi wa chozi hufika bila shida. Tundu kubwa huingiza nyuki, wanazama, wengine wanafuata, na nyuki wetu hawana utani. Wakikuvamia usiwapige wala kuwapulizia dawa. Subiri giza liingie, shusha kopo, lioshe, ukae siku tatu bila kulirudisha, halafu litundike mahali pengine. Kopo fupi lina faida nyingine: maji yakishuka kama sentimita mbili na nusu chini ya mfuniko ndege wengi hawayafikii tena, kwa hiyo hutamwaga mengi unapobadilisha.

Wale wenye chupa zilizopinduliwa kichwa chini wanajua zinavyovuja, na huamini mpira umeisha. Mara nyingi mpira ni mzima. Hewa iliyo juu ndani ya chupa ikipigwa na jua inatanuka na kusukuma maji nje, tone kwa tone, na matone hayo ndiyo yanayoita sisimizi na nyuki. Chupa iliyojaa nusu huvuja zaidi kuliko iliyojaa, maana ina hewa nyingi. Dawa yake ni kivuli kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na chupa ndogo.

Sisimizi huzuiwa kwa maji. Chukua kifuniko kirefu cha chupa au kikopo, toboa katikati, pitisha waya wa kuning'inizia, ziba tundu kwa gundi isiyopitisha maji, kikae juu ya kopo la sukari kikiwa na maji ndani. Hawavuki. Msipake grisi wala mafuta kwenye waya. Yakigusa manyoya ya ndege mwenye uzito wa gramu 10 hayatoki, na manyoya yaliyogandamana hayamkingi na baridi.

Kubadilisha: nyanda za juu kila baada ya siku tatu, na wakati wa joto kila siku mbili. Pwani kila siku mbili, na kukiwa na joto kali kila siku. Mwenye jamaa Muscat amwambie hivyo hivyo, maana huko pia kuna chozi na jua lake mnalijua. Maji yakiwa na ukungu wa maziwa, viputo au uzi mweusi kwenye kingo, yamekwisha kuchacha hata kama jana ndiyo uliyaweka. Kila unapobadilisha, osha kwa maji ya moto na brashi, bila sabuni nyingi. Mara moja kwa wiki loweka kwa saa moja kwenye lita ya maji yenye kijiko kimoja kikubwa cha jiki, suuza mpaka harufu iishe, anika juani hadi kikauke. Ukiona ndege amejikunyata, manyoya yamevimba, haruki ukimkaribia, ondoa chombo wiki mbili. Ukisafiri, kishushe kabla hujaondoka. Watarudi kwenye maua.

Mahali: kimo cha mita moja na nusu hadi mbili, karibu na ua lililochanua ili wakigundue, lakini kisiwe juu ya kichaka ambamo paka atajificha. Kuhusu dirisha, ama kiwe ndani ya mita moja kutoka kwenye kioo, ama zaidi ya mita 9. Katikati ya hapo ndege anapata kasi ya kutosha kujiua. Dume mmoja akiwafukuza wote, tundika kopo la pili ng'ambo ya nyumba, kwa hesabu ile ile ya Gill na Wolf.

Sukari haina protini. Makinda ya chozi hulelewa kwa wadudu wadogo na buibui, kwa hiyo bustani inayopuliziwa dawa kila wiki itakuwa na ndege wa kupita tu. Vidukari kwenye waridi vitoeni kwa maji ya bomba. Na tunawaomba akina mama na mabinti wa usafi waache tando za buibui za nje, angalau upande mmoja wa nyumba. Jike huzikusanya kwa mdomo na kuzitumia kufungia kiota chake, kile kifuko kinachoning'inia chenye mlango wa ubavuni na kipaa kidogo juu ya mlango. Hupenda kukitundika kwenye waya wa taa ya baraza au kamba ya kuanikia. Mayai ni moja au mawili. Kikishaanza, hamisheni kamba ya nguo, msihamishe kiota. Ikitokea kinda mmoja mkubwa kuliko mama yake anayemlisha, huyo ni wa kekeo, ndege anayetaga kwenye viota vya wenzake; mwacheni.

Msimu huo pia dume hupigana na kioo cha gari. Anamwona dume mwingine pale na hachoki mpaka jioni, akichafua mlango mzima. Funika vioo vya pembeni kwa soksi gari likiwa limeegeshwa.

Vipandikizi vya Leonotisi viko pale mezani vimefungwa kwenye gazeti bichi, kila kimoja sentimita 12. Chukueni vinane kila kaya. Leo hii toa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu mahali penye kivuli, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako na kuachwa wazi mdomoni. Baada ya wiki tatu au nne kivute taratibu: kikikataa kutoka, kina mizizi. Sasa maswali, tuanze na mzee aliyeinua mkono nyuma.